Mbio za Shule na Mlango wa Chuo Kikuu: Kipaji cha Mwanariadha Kijana Hupimwaje?

Kila mwaka, mashindano ya UMISSETA yanapokaribia, viwanja vya shule za sekondari nchini hujaa vijana wanaokimbia, wanaoruka na wanaotupa. Mshindi wa shule huenda wilayani, wa wilaya huenda mkoani, na wachache hufika ngazi ya taifa. Baada ya hapo aghalabu hadithi hukoma. Kidato cha Nne au cha Sita humalizika, viatu hutundikwa, na kipaji kilichoshangiliwa na shule nzima husahaulika.

Na achukuliwe kwa mfano mwanafunzi wa kike wa Kidato cha Tatu katika Old Korogwe, ile sehemu ya kale ya mji wa Korogwe. Amekimbia mita 1500 kwa dakika 5 kamili, nasi watu wote wa shuleni kwake wanasema kwamba angestahili kusomeshwa na chuo kikuu cha ng'ambo kwa ajili ya mbio zake. Je, maneno hayo ni ndoto tu, au yana msingi? Swali hilo linastahili kujibiwa kwa vipimo wala si kwa vifijo, kwa kuwa jibu lisilo sahihi laweza kuigharimu familia shamba lake, au kumgharimu binti mwenyewe masomo yake.

Njia iliyokwisha kupitwa

Njia hiyo ipo, na Waafrika Mashariki wameipita. Katika Marekani michezo ya vyuo vikuu ni shughuli kubwa yenye sheria zake. Chama kikuu kinachoisimamia, kijulikanacho kwa herufi NCAA, kilianzishwa mwaka 1906. Huko kijana wa sekondari anayecheza besiboli hutazamwa na makocha wa vyuo tangu akiwa na umri wa miaka 15 au 16. Mpira anaoutupa hupimwa mwendo wake kwa chombo cha rada. Mpira uendao kilomita 145 kwa saa huvuka zile mita 18.44 zilizopo kati ya mtupaji na mpigaji kwa muda usiofika nusu sekunde, na kocha huiandika tarakimu hiyo daftarini. Kijana mwenye tarakimu nzuri huahidiwa ufadhili wa masomo.

Kwa Afrika Mashariki mlango uliofunguka zaidi ulikuwa wa riadha. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita katika Mkoa wa Mara, alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mita 10,000 kwa miaka minne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, na katikati ya kipindi hicho alipata medali ya fedha ya mita 5000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980. Gidamis Shahanga, mshindi wa marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978, alipitia chuo hicho hicho. Mkenya Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978.

Hata mchezo wenyewe wa besiboli umeanza kupata njia. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani. Habari ya mwaka uliotangulia ina funzo kubwa zaidi, nayo itaelezwa mbele.

Kipimo cha kwanza: umbali

Kocha aliyeko Texas hawezi kumwona binti wa Old Korogwe. Anachokiona ni tarakimu tu. Hivyo basi, tarakimu yenyewe sharti iwe ya kweli.

Viwanja vingi vya shule ni vya nyasi, na mzunguko wake ulichorwa kwa hatua za miguu. Tuseme kwamba uwanja unaodhaniwa kuwa na mzunguko wa mita 400 una mita 390. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Kwa kila mzunguko pamepungua mita 10, na jumla ya upungufu ni mita 37.5. Binti aliyetumia dakika 5 alikimbia mita 1462.5 tu. Kwa mwendo ule ule, mita 1500 kamili zingemchukua karibu dakika 5 na sekunde 8. Sekunde 8 katika mbio hizo ni tofauti kati ya mkimbiaji anayeandikiwa barua na yule asiyejibiwa. Mbaya zaidi, tofauti hiyo itajidhihirisha siku atakapokimbia katika uwanja halisi mbele ya watu waliomwamini.

Dawa yake ni rahisi. Futi kamba ya chuma yenye urefu wa mita 50 yatosha. Kwa kanuni za riadha, njia ya ndani yenye ukingo ulioinuka hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo huo. Ikiwa hakuna ukingo bali mstari wa chokaa tu, hupimwa sentimita 20 nje ya mstari. Yamkini mtu ataona kwamba sentimita 10 si kitu. Lakini nusu kipenyo kikiongezeka kwa sentimita 10, mzunguko mzima huongezeka kwa karibu sentimita 63. Hisabati ya Kidato cha Pili inatosha kulithibitisha jambo hilo, na kazi hiyo yaweza kufanywa na wanafunzi wenyewe katika kipindi kimoja cha somo.

Kipimo cha pili: wakati

Kosa jingine hutokea katika saa. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa karibu mita 340 hadi 350 kwa sekunde, kwa kutegemea joto. Katika mbio za mita 100, mshika saa aliyesimama mwishoni akingoja kusikia mlio, huanzisha saa yake karibu sekunde 0.3 baada ya wakimbiaji kuondoka. Kwa hiyo mkimbiaji huonekana mwepesi kuliko alivyo. Ndiyo maana kanuni humtaka mshika saa atazame moshi au mwako wa bastola, wala asingoje mlio. Shule isiyo na bastola hutumia vibao viwili vinavyogonganishwa juu ya kichwa cha mwanzishaji. Mshika saa huanzisha saa anapoona vibao vinakutana.

Hata akitazama vema, mkono wa binadamu huchelewa kuitikia mwanzo kuliko mwisho, kwa kuwa mwanzo humshtua ilhali mwisho huuona ukija. Kwa sababu hiyo, katika mbio fupi muda wa saa ya mkono huongezewa sekunde 0.24 kwa mita 100 na 200, na sekunde 0.14 kwa mita 400, ili uweze kulinganishwa na muda wa mitambo ya umeme. Katika mbio ndefu tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Jambo lililo bora ni kuwa na washika saa watatu na kuchukua muda wa katikati.

Vipimo hivyo viandikwe kila mara pamoja na tarehe, mahali, hali ya uwanja na majina ya walioshika saa. Muda mmoja wa ajabu hauna maana kubwa kwa kocha mwenye ujuzi. Anachotaka kuona ni mfululizo: mwaka huu dakika 5 na sekunde 20, mwaka ujao dakika 5 na sekunde 8, unaofuata dakika 4 na sekunde 58. Mfululizo wa namna hiyo humwambia kwamba mkimbiaji bado anakua.

Damu na mwinuko

Katika mazungumzo ya mitaani husemwa kwamba wakimbiaji wazuri hutoka milimani tu. Kauli hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mahali penye mwinuko wa mita 2400, kama Iten nchini Kenya, mgandamizo wa hewa ni karibu robo tatu tu ya ule wa usawa wa bahari. Mwili unaokulia huko huzoea kufanya kazi kwa oksijeni chache, na damu yake huwa na wingi wa himoglobini, ile kemikali nyekundu inayochukua oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli. Mji wa Korogwe, ulioko bondeni mwa mto Pangani chini ya milima ya Usambara, una mwinuko wa karibu mita 300 tu. Mtoto wa Korogwe hana faida hiyo ya mbio ndefu. Hata hivyo, mbio fupi, miruko na mitupo hazitegemei mwinuko, nazo ni michezo ambayo vyuo hutafutia wanafunzi vilevile. Si busara basi kumlazimisha kila mwenye kipaji akimbie mita 10,000 kwa sababu tu majirani wamejipatia sifa humo.

Jambo linalomhusu zaidi binti wa bondeni ni himoglobini aliyonayo sasa. Gramu moja ya himoglobini yaweza kubeba karibu mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 13 katika kila desilita ya damu hubeba mililita 17.4, mwenye gramu 10 hubeba mililita 13.4. Yaani amepoteza karibu robo ya mzigo wa oksijeni, na hakuna mazoezi yawezayo kuijaza nafasi hiyo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwanamke asiye mjamzito mwenye himoglobini pungufu ya gramu 12 ana upungufu wa damu. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, hedhi hupunguza madini ya chuma, na mazoezi makali huongeza mahitaji yake. Korogwe si ngeni kwa elimu hiyo: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo hapo, na mji huo ulikuwa mojawapo ya mahali 11 barani Afrika palipofanyiwa majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009.

Kwa hiyo, mkimbiaji anayechoka ghafla asiitwe mvivu kabla damu yake haijapimwa. Akionekana kuwa na upungufu, matibabu yaamuliwe na mganga. Chakula nacho kina nafasi yake: dagaa, maharage na mboga za majani zina madini ya chuma. Chungwa likiliwa pamoja na mboga husaidia mwili kuyapokea madini hayo, ilhali chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia.

Masharti ya darasani

Wengi hudhani kwamba miguu ndiyo inayofungua mlango. Kwa kweli mlango una kufuli mbili, na ya pili ni ya darasani. Katika daraja la kwanza la NCAA, mwanafunzi anatakiwa awe amepasi masomo ya msingi 16 ya kiwango cha sekondari, yakiwamo Kiingereza, hisabati, sayansi na masomo ya jamii, kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4. Daraja la pili hutaka wastani wa 2.2. Tangu mwaka 2023 chama hicho hakidai tena mitihani ya SAT au ACT, lakini vyuo vyenyewe vyaweza kuidai, na mgeni aghalabu hutakiwa kuthibitisha ujuzi wake wa Kiingereza. Matokeo ya Kidato cha Nne ni sehemu ya hesabu hiyo. Mwanafunzi anayeacha vipindi vya hisabati ili akafanye mazoezi anajifungia mlango ule ule anaoukimbilia.

Mfano ulio bora umetoka Kenya. Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya mwaka 1972, alisoma Marekani hadi kupata shahada ya udaktari, kisha akawa profesa wa sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2004, yeye na mwandishi wa Kimarekani John Manners walianzisha mpango ujulikanao kama KenSAP. Mpango huo uliwachagua kwanza wanafunzi waliofaulu sana mtihani wa taifa, ndipo ukawajaribu katika mbio za mita 1500, ukawafundisha namna ya kuandika maombi na kujiandaa kwa mitihani. Zaidi ya vijana 100 wameingia kwa njia hiyo katika vyuo vikuu vyenye sifa kubwa kabisa Amerika ya Kaskazini. Utaratibu wake ni wa kuzingatiwa: alama zilitangulia, mbio zikafuata.

Fedha, umri na udanganyifu

Neno «ufadhili» nalo lahitaji kufafanuliwa. Si kila ufadhili hulipia kila kitu. Kwa miaka mingi timu ya riadha ya wanaume katika daraja la kwanza ilikuwa na kiasi kinacholingana na nafasi kamili 12.6 tu, na ya wanawake 18. Timu ya besiboli ilikuwa na 11.7. Kiasi hicho kiligawanywa miongoni mwa wachezaji wengi, hivyo mmoja angeweza kupata nusu au robo tu. Tofauti iliyowapendelea wanawake ilitokana na juhudi za vyuo kutimiza sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu. Tangu Julai 2025 vyuo vilivyokubali utaratibu mpya havina tena ukomo huo wa ufadhili, bali vina ukomo wa idadi ya wachezaji: 45 katika riadha na 34 katika besiboli. Daraja la tatu halitoi kabisa ufadhili kwa ajili ya michezo. Hivyo, barua ikifika, swali la kwanza la mzazi liwe hili: je, chuo kitalipa nini, na kilichosalia kitalipwa na nani, kila mwaka hadi mwisho wa masomo?

Jambo la pili ni umri. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilishinda nafasi ya kwenda Williamsport, lakini ikanyimwa viza kwa sababu hati za umri zilikuwa na tofauti. Watoto waliobaki nyumbani hawakushindwa uwanjani; walishindwa katika makaratasi. Cheti cha kuzaliwa, jina linaloandikwa kwa namna moja katika hati zote, na pasipoti ni vitu vya kutayarishwa mapema, tangu Kidato cha Pili au cha Tatu. Masharti ya viza nayo hubadilika. Mwaka 2025 Marekani ilikaza vizuizi kwa raia wa nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo hali iliyopo iulizwe ubalozini kabla ya senti yoyote kutolewa.

La tatu ni mawakala. Kanuni za NCAA zinakataza mtu kulipwa sehemu ya ufadhili kwa kumtafutia mwanariadha chuo, na mwanariadha aliyeingia katika mapatano ya aina hiyo aweza kupoteza haki ya kushindana. Mwaka 2023, katika Uasin Gishu nchini Kenya, wazazi waliandamana kudai fedha walizolipa kwa mpango wa kuwapeleka watoto wao kusoma Finland na Canada. Mpango huo haukuwa wa riadha, lakini uchungu wa aliyeuza ng'ombe au shamba ni ule ule. Kocha wa chuo huandikiwa barua bila malipo, na anwani yake hupatikana kwa chuo chenyewe.

Baada ya kufika

Kufika nako si mwisho wa safari. Mkimbiaji wa masafa marefu katika chuo cha Marekani aweza kushindana kwa misimu mitatu katika mwaka mmoja: mbio za nyika tangu Septemba hadi Novemba, mbio za ndani ya ukumbi wakati wa baridi, na mbio za uwanjani hadi Juni. Kanuni huruhusu mazoezi ya lazima yasiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Hata hivyo, kijana ambaye ufadhili wake unategemea ushindi huweza kujilazimisha kukimbia akiwa na maumivu. Mifupa na kano huzoea mzigo polepole kuliko moyo na mapafu. Mtu hujiona ana pumzi ya kutosha, kumbe mfupa wa muundi umekwisha kuanza kupata ufa. Aliyezoea kupumzika siku moja au mbili kwa wiki tangu shuleni, na kusema mapema anapoumia, ana nafasi kubwa zaidi ya kumaliza miaka minne.

Kuna pia upweke, baridi na mabadiliko ya chakula. Henry Rono mwenyewe alieleza wazi baadaye jinsi ulevi ulivyomharibia maisha baada ya umaarufu wake. Rekodi nne za dunia hazikumkinga. Aliyeandaliwa kwa mbio peke yake hubaki bila kitu siku mbio zinapokwisha.

Daftari la shule

Basi, yule binti wa Old Korogwe anahitaji nini? Anahitaji uwanja uliopimwa kwa futi kamba, saa tatu, kipimo cha damu, cheti cha kuzaliwa, na mwalimu mmoja mwenye daftari. Katika daftari hilo iandikwe kila mbio aliyokimbia na kila alama aliyopata darasani, kurasa zikitazamana. Vitu hivyo havihitaji bajeti ya wizara.

Iwapo mlango wa ng'ambo utafunguka, daftari hilo litakuwa shahidi wake. Usipofunguka, hakuna kilichopotea, kwa kuwa alama zile zile zaweza kumfikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako elimu ya michezo hufundishwa, au Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza. Na huenda siku moja akarudi Korogwe akiwa mwalimu, akaukuta uwanja ule wa nyasi, na kazi yake ya kwanza ikawa kuupima upya.